Sanduku la Mfalme Yoashi



Kabla ya kuendelea na ukurasa huu, tafadhali chukueni Biblia, mfungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, mwisome yote. Si sura ndefu. Haisomwi mara nyingi kanisani, na wengi wetu tukiifikia katika masomo ya kila siku huipita haraka, maana haina miujiza. Inahusu fedha za kutengeneza nyumba. Lakini mwezi huu tumeona ni heri tuizungumze hiyo, kwa kuwa kila tuendako, vijijini na mjini Songea, tunasikia manung'uniko yale yale: michango iliyotolewa, boma la darasa lililosimama bila bati mvua tatu, zahanati yenye jengo na isiyo na dawa. Na manung'uniko yakibaki chini ya mwembe au kilabuni, hayamsaidii mtu, wala hayampendezi Mungu.

Habari yenyewe ni hii. Yoashi alitawazwa Yerusalemu akiwa mtoto wa miaka saba. Hekalu lilikuwa limechakaa, kuta zina nyufa. Mfalme akawaagiza makuhani wapokee fedha zinazoletwa nyumbani mwa Bwana, kila mmoja kwa watu anaojuana nao, na kwa fedha hizo waitengeneze nyumba popote palipobomoka. Agizo zuri, nao wakalikubali. Wakapokea. Miaka ikapita. Ulipofika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, mfalme akatazama, na nyufa ziko pale pale.

Hapa tunawaomba mtulie kidogo. Maandiko hayasemi kwamba makuhani waliiba. Someni tena, hamtaona neno hilo. Fedha ziliingia, tena zikatumika. Pengine kwa chakula, pengine kwa wageni, pengine kwa mambo yenye maana kabisa. Yamkini kila kuhani angeweza kusimama na kujieleza mpaka watu wakaridhika. Ila nyumba haikutengenezwa. Basi yako makosa mawili, na sisi tumezoea kuliona moja tu. Tukikutana na kazi iliyokwama huuliza, "Nani kala?" Tukiambiwa hakuna aliyekula, twaenda zetu nyumbani tumetosheka. Mfalme hakuuliza nani kala. Alimwita Yehoyada, kuhani mkuu, pamoja na wenzake, akauliza kwa nini hawaitengenezi nyumba.

Serikali yetu nayo inayajua maswali haya mawili. Kila mwaka Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye watu humwita CAG, hukagua hesabu za Wizara na za Halmashauri zote, kama Katiba inavyomwagiza katika ibara ya 143, na taarifa yake hupelekwa kwa Rais, kisha Bungeni. Halmashauri ambayo vitabu vyake vimekaa sawasawa hupewa hati inayoridhisha, na siku hiyo madiwani hupongezana. Nasi twawapongeza, maana vitabu vilivyokaa vizuri si jambo dogo. Lakini hati ile inasema tu kwamba hesabu zimeandikwa ipasavyo. Haisemi kwamba mama mjamzito aliyefika zahanati usiku alimkuta mganga. Ndiyo maana Sheria ya Ukaguzi wa Umma Na. 11 ya mwaka 2008 ilimpa Mkaguzi mamlaka ya kufanya pia ukaguzi wa ufanisi, yaani kwenda kuutazama ufa wenyewe. Huo ndio ukaguzi wa Yoashi.

Turudi Yerusalemu. Mfalme hakumfunga mtu. Aliwaambia makuhani wasipokee tena fedha kwa watu wanaojuana nao. Nao wakakubali kuiacha kazi ile. Kisha Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu, upande wa kuume wa mtu aingiapo. Kila aliyekuja aliliona. Fedha zilizoletwa ziliingia humo, si katika mfuko wa fulani. Na sanduku lilipokuwa zito, walikuja watu wawili: mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Mmoja wa serikali na mmoja wa hekalu. Wakahesabu pamoja, wakazifunga katika mifuko, wakawakabidhi wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi, wakanunua miti na mawe. Tena imeandikwa kwamba katika fedha zile hawakufanyiza vyombo vya fedha wala tarumbeta kwa ajili ya hekalu, kwa kuwa fedha zilikuwa za nyufa. Mtu aliyepata kuona fedha za madawati zikinunua viti vya ofisi ataelewa kwa nini mwandishi wa Wafalme aliona inafaa kulitaja hilo.

Msomaji makini atatushika hapa. Atasema, "Mbona mstari wa 15 unasema wale wasimamizi hawakuulizwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu?" Ni kweli, na hatutaki kuuficha mstari huo. Sisi twauelewa hivi: uaminifu wao ulionekana. Fedha zilikuwa zimehesabiwa mbele yao na watu wawili, na ukuta ulikuwa ukipanda machoni pa wote. Mtu wa namna hiyo watu humwamini wenyewe. Hakusimama mbele yao akawaambia, "Niaminini." Makuhani nao waliaminiwa, miaka mingi, na nyufa zikabaki.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya Wayahudi wa zamani. Basi na twende Litowa, hapa hapa kwetu Songea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU, mmoja wao Ntimbanjayo Millinga, walianza kijiji cha kulima pamoja huko Litowa. Mara ya kwanza walishindwa, wakajaribu tena. Kutoka hapo kikatokea Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho kabla ya kufa kwake kiliunganisha vijiji kama 17. Miongoni mwa waliowasaidia alikuwapo Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, aliyeishi nao Litowa na jamaa yake. Walikuwa na shule yao, na mashine za kazi walizozipata kwa jasho. Lakini jambo tunalotaka kulitaja ni lingine. Mipango ya kazi, na jinsi ya kugawana mapato, vilizungumzwa katika mikutano ya wanakijiji wenyewe. Aliyechaguliwa kusimamia shamba alijua kwamba atasimama mbele ya wale wale waliolima naye. Kwa maneno mengine, sanduku lilikuwa mahali pa kuonekana. Rais Nyerere mwenyewe aliipenda kazi yao, na maazimio ya mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini na elimu ya kujitegemea yalifanana sana na mambo yaliyokuwa yakitendwa tayari Litowa.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama kile. Mali yake ikachukuliwa. Watu wameandika mengi juu ya sababu zake, na hatutaki kurudia yote. Wakubwa wa mkoa walikuwa wakigombana nao kwa muda mrefu. Vijiji vile vilikuwa vimezoea kuuliza kabla ya kutii, kwa mfano walipotakiwa kulima tumbaku. Na mkubwa ambaye hakuzoea kuulizwa huliona swali kama uasi. Hatusemi kwamba Litowa hawakuwa na makosa. Twasema tu kwamba mahali pale watu wa kawaida walijifunza kudai hesabu na kutoa hesabu, wakanyamazishwa. Na mkoa mzima uliona.

Mambo ya namna hiyo hayasahauliki upesi. Tena Songea ilikuwa na somo la kale zaidi. Serikali ya Wadachi ilidai kodi na kazi, haikumpa mtu hesabu ya chochote. Na tarehe 27 Februari 1906 wazee wetu waliopigana nayo katika Majimaji walinyongwa hapa mjini, na baadaye Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, akawafuata. Kila mwezi Februari tunawakumbuka. Lakini mtoto aliyezaliwa chini ya boma la namna ile alifundishwa na mama yake kunyamaza mbele ya mwenye cheo, naye akamfundisha mwanawe. Twafikiri desturi hiyo ingali hai katika mikutano yetu, hata leo ambapo hakuna wa kumnyonga mtu.

Haki ya kuuliza ipo, nayo imeandikwa. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliundwa mwaka 1966, ya kwanza ya namna yake katika Afrika, ili mwananchi aliyeonewa na mtu wa serikali apate pa kulalamika. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya. Ilifanya kazi yake mpaka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipochukua nafasi yake mwaka 2001. Kasoro yake ilikuwa kwamba taarifa zake zilikwenda kwa Rais, na aliyelalamika hakusikia daima yaliyofuata. Halmashauri za Wilaya zilifutwa mwaka 1972, madaraka yalipopelekwa mikoani, zikarudishwa mwaka 1984. Na Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 ndiyo iliyoweka jambo ambalo kila Mkristo wa kijijini hana budi kulijua kama ajuavyo Kanuni ya Imani: kwamba mamlaka ya juu kabisa ya kijiji ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Si Mwenyekiti, wala si Afisa Mtendaji. Ni mkutano wa watu wote wa kijiji waliotimiza miaka 18, nao unapaswa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji husomwa. (Wenye kukaa mjini wana mkutano wa mtaa wao, tunasema mtaa wa serikali, si Mtaa wetu wa Kanisa, ingawa huu wa Kanisa tutaufikia.)

Sasa tujiulize kwa ukweli. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, nani huenda? Tumeona wenyewe. Filimbi hupigwa, wanakuja wazee wachache na vijana wasio na kazi siku ile. Wakristo wetu wako shambani, au wamekaa barazani wakisema, "Ni yale yale." Watu hawatoshi, mkutano unaahirishwa. Unaahirishwa tena. Mwaka unakwisha, hesabu hazikusomwa, na kila mtu anamlaumu Mtendaji. Lakini sanduku lilikuwa na tundu, ndugu zetu, ila hatukwenda kulitazama.

Tena kuna jambo zito kuliko kutokwenda. Mnakumbuka vocha za pembejeo. Kuanzia mwaka 2008 na miaka iliyofuata, serikali iligawa vocha ili mkulima wa mahindi apate mbolea ya kupandia, ya kukuzia, na mbegu bora, yeye akiongeza sehemu ya bei. Mkoa wa Ruvuma ulikuwa katika mikoa iliyotegemewa kwa mahindi, na ungali hivyo. Kila kijiji kiliunda kamati ya watu sita, wanaume watatu na wanawake watatu, ya kuwachagua wanaostahili. Mpango ulikuwa na watu sita wa kuhesabu, wakati Yoashi alikuwa na wawili tu! Hata hivyo mahali pengi nchini vocha zilisainiwa, na mbolea haikufika shambani. Mkulima hakuwa na fedha ya kuongeza, wakala akamwambia, "Weka sahihi hapa, chukua hizi elfu kadhaa, mbolea niachie mimi." Naye akaweka dole gumba. Katika vitabu vya serikali mtu yule alipata mbolea. Shambani mahindi yalikuwa ya njano.

Tunawalaumu mawakala, na wanastahili. Lakini lile dole gumba lilikuwa la nani? Lilikuwa letu. Wengine wetu tulikuwa na njaa, na Mungu anajua njaa. Hatutaki kumhukumu mtu aliyeuza haki yake ili anunue chumvi. Ila alama ile ilikuwa ushuhuda. Ilisema, "Nimepokea," na yeye hakupokea. Amri ya kutoshuhudia uongo hatukuambiwa kwamba ni ya mahakamani tu. Na karatasi ile ikipanda kutoka kijijini mpaka wilayani, kutoka wilayani mpaka Dodoma, kila anayeipokea anahesabu juu ya uongo wetu. Mkaguzi akija miaka miwili baadaye atapata nini? Atapata dole gumba lililokaa vizuri kabisa. Ndiyo maana mtu akija kutuambia kwamba uwajibikaji ni kazi ya wakubwa, sisi twashindwa kumwitikia Amina.

Tuchukue jambo la karibu, la shule. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, mpango ulikuwa kwamba kila mwanafunzi wa shule ya msingi atengewe shilingi 10,000 kwa mwaka. Shilingi 6,000 zije shuleni, na 4,000 zilizobaki ziwe za vitabu. Mtu aliyefika darasa la nne aweza kufanya hesabu hii. Shule yenye watoto 400: mara 6,000, ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, ndiyo 200,000 kwa mwezi. Ni fedha kidogo sana kwa watoto 400, nasi tunamwonea huruma mwalimu mkuu anayenunua chaki, karatasi za mitihani na kufuli kwa fedha hizo. Ndiyo sababu twasema muende mkaulize. Mzazi anayeuliza vizuri hujua mara nyingi kwamba mwalimu hakula, ila fedha zilichelewa, au zilikuja pungufu. Naye aliyekuja kugomba hugeuka kuwa mtu wa kumsaidia mwalimu kudai huko juu. Ubao wa matangazo wa shule uwe na karatasi inayosema zimekuja kiasi gani na zimetumika wapi. Kama ubao hauna karatasi, ulizeni kwa upole. Kama mwezi wa pili hauna, ulizeni tena kwa upole ule ule, mbele ya kamati ya shule.

Twajua wanaouliza wanavyojibiwa. Wanaambiwa wana chuki, au wametumwa, au kwamba jina lao litaandikwa. Hapo turudi mara ya mwisho kwa Yoashi, maana habari yake haikuisha kwa sanduku. Mfalme yule yule aliyewauliza makuhani, yeye hakuwa na wa kumwuliza baada ya Yehoyada kufa. Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 24, chasimulia kwamba Zekaria, mwana wa Yehoyada, alisimama mbele ya watu akasema kwamba wamemwacha Bwana. Na kwa amri ya mfalme wakampiga mawe katika ua wa nyumba ile ile iliyotengenezwa kwa fedha za sanduku. Kisha Hazaeli mfalme wa Shamu alipokuja, Yoashi alitwaa vitu vitakatifu vyote vilivyokuwa katika hazina, akampelekea. Sanduku zuri, wahesabuji wawili, na mwisho hazina tupu, kwa kuwa aliyethubutu kusema aliuawa. Bwana wetu alipowalaumu waandishi na Mafarisayo aliitaja damu ya Zekaria, iliyomwagwa kati ya madhabahu na patakatifu.

Katika nchi yetu, tunamshukuru Mungu, hatupigi mawe. Lakini tumeona jinsi kusema kulivyo kugumu hata kwa mtu ambaye kazi yake ni kusema. Mwezi Januari 2019 aliyekuwa CAG, Profesa Musa Assad, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge kwa sababu ya maneno yake juu ya udhaifu wa Bunge. Aprili Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Novemba mwaka ule mtu mwingine akateuliwa mahali pake. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kumwondoa kwa namna ile kulikuwa kinyume cha Katiba. Hatuandiki hayo ili kumshambulia mtu. Tunayaandika ili mama wa kijijini anayetetemeka anapoinua mkono mkutanoni ajue kwamba hatetemeki peke yake, na kwamba aliyeketi karibu naye, akiwa Mkristo, ana kazi ya kufanya: ainue mkono wa pili. Mtu mmoja akiuliza huitwa mkorofi. Wakiuliza kumi, ni mkutano.

Sasa tufike kwetu, maana wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakusema "isipokuwa mali ya Kanisa."

Tulipokuwa tukichanga kwa ajili ya nyumba ya mwalimu wa dini, wasomaji wengi wa Mtaa huu mnakumbuka, wengine walileta fedha, wengine mazao. Alikuwapo bibi mmoja, Mkristo wa zamani, mtu wa Liuli kule Ziwani, ambaye aliolewa huku akabaki huku. Alileta mahindi debe mbili. Hakuwa na mjukuu wa kumbebea. Alileta debe moja Jumamosi na lingine Jumapili. Baada ya miezi michache, Misa ilipokwisha na matangazo yakasomwa, bibi yule alisimama akauliza mbele ya watu, "Mahindi yangu yaliuzwa bei gani?"

Watu walicheka. Nasi tulicheka, tunakiri. Mzee mmoja wa Kanisa akamjibu, "Bibi, sadaka haiulizwi bei." Akaketi. Hakuuliza tena, wala hakukasirika; aliendelea kuja na kutoa shilingi zake. Alifariki kabla nyumba haijaezekwa, tukamzika kwa heshima, na katika mahubiri ya maziko tukasifu ukarimu wake.

Tulipokaa kuandika ukurasa huu tukaona haifai kuwaambia watu waende kuuliza hesabu za kijiji kabla hatujalijibu swali la bibi. Tukafungua daftari. Mahindi hayamo. Tumewauliza waliohusika, na hakuna aliyeiba. Wengine wanadhani yalipikwa wageni walipokuja kwa mkutano wa makasisi. Wengine wanasema yaliuzwa pamoja na ya watu wengine, fedha zikanunua misumari. Kila mmoja anaeleza, na maelezo yote yanaweza kuwa kweli.

Basi Baraza la Mtaa limekubaliana hivi. Sanduku la ujenzi litakaa kanisani karibu na mlango, upande wa kuume. Litakuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja atakuwa nao mtunza hazina, na wa pili atakuwa nao mama atakayechaguliwa na Umoja wa Mama, asiwe jamaa yake. Watahesabu pamoja, baada ya Misa, mezani, mtu yeyote akitaka kusimama na kutazama asimame. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi daftari litasomwa kabla ya baraka, mapato na matumizi, na kazi iliyofanyika: bati ngapi zimepanda na ngapi bado. Mazao yatapimwa na kuandikwa siku ile ile yanapoletwa, kwa jina la aliyeyaleta. Maswali yataulizwa hapo hapo, wala hakuna atakayechekwa.

Daftari ni jipya. Katika mstari wa kwanza tumeandika jina la bibi yule, kisha: mahindi, debe mbili, bei haijulikani.